Niliwasha hatua mbili na bado akaunti imeibiwa. Wakuu, hii kitu inalinda kweli?

#1 Mzabibu wa Mpunguzi
Wakuu, habari za jioni.

Nauza zabibu mbichi na kavu. Shamba liko Mpunguzi, hapa Dodoma, kibanda changu kiko Majengo pembeni ya soko. Wateja wengi wananipata Instagram, bei na malipo tunamalizana WhatsApp. Mwaka jana niliambiwa niwashe ule uthibitishaji wa hatua mbili, nikawasha: ukishaweka pasiwedi inakuja meseji yenye tarakimu 6, ukiziandika ndipo unaingia. Tangu hapo nikawa nalala bila wasiwasi.

Ijumaa iliyopita, kama saa 4 usiku, laini ikapoteza mtandao. Nikajua ni mnara, maana umeme ulikuwa umekatika kwetu Nkuhungu. Saa 12 asubuhi mtandao umerudi wenyewe, nakuta Instagram imenitoa, imeili imebadilishwa, na ukurasa wangu unatangaza "weka hela leo, siku 3 inazaa". Mteja wangu wa Kondoa, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, ametuma laki 2 akijua ni mimi. Hilo linaniuma kuliko akaunti yenyewe.

Kodi, yaani hizo tarakimu 6, sijampa mtu. Narudia, sijampa mtu. Sasa hii hatua ya pili kazi yake ni nini?

#2 Chinangali
Pole sana mkuu. Hapo laini yako ilirudishwa kwenye kadi nyingine, hakuna lingine. Mtu kaenda kwa wakala kajifanya wewe, akapewa kadi mpya yenye namba yako, meseji zote za kodi zikawa zinamwendea yeye. Simu kupoteza mtandao ghafla ndiyo dalili yake ya kwanza. Hata Jack Dorsey, bosi wa Twitter wa wakati ule, Agosti 2019 akaunti yake ilitekwa kupitia namba yake ya simu. Sembuse sisi.

#3 Fundi Sabasaba
Chinangali, taratibu kwanza. Laini ikisharudishwa kwenye kadi mpya, kadi ya zamani inakufa. Haifufuki yenyewe saa 12 asubuhi. Mleta uzi anasema mtandao ulirudi bila yeye kwenda popote. Nakaa meza moja na mawakala, haya nayaona kila siku. Mnara uliishiwa betri baada ya umeme kukatika, basi.

Mkuu, swali langu kwako: kwenye hiyo simu una apu za mikopo?

#4 Binti Chang'ombe
Ijumaa umeme ulikatika kweli, sisi tulikaa giza mpaka alfajiri. Pole kaka.

#5 Mwalimu wa Bahi
Nianze na msingi, maana naona vitu viwili vinachanganywa.

Kuna njia tatu za mtu kuthibitisha kuwa ni yeye: kitu anachokijua (pasiwedi), kitu alicho nacho (simu, kadi, ufunguo), na maumbile yake (kidole, uso). Hatua mbili maana yake unachanganya aina mbili tofauti, ili anayeiba moja akwame kwenye nyingine. Pasiwedi mbili haziitwi hatua mbili.

Kodi ya meseji iko kwenye kundi la "ulicho nacho", lakini ndiyo dhaifu kuliko wenzake, kwa sababu ulicho nacho siyo simu. Ni namba. Na namba haikai mfukoni mwako, inakaa kwenye kompyuta za kampuni ya simu. Anayeweza kuihamisha namba anaipata kodi bila kukugusa. Kwa hiyo mleta uzi usiseme hatua mbili ni bure. Sema ile uliyoiwasha ni ya chini kabisa kwenye ngazi.

#6 Kijana wa Ilazo
Mwalimu, mbona Google walifanya utafiti wakakuta kodi ya meseji inazuia asilimia 100? Nilisoma mahali.

#7 Mwalimu wa Bahi
Ulisoma nusu, kijana wangu. Utafiti ni wa 2019. Asilimia 100 ilikuwa kwa roboti, yaani programu zinazojaribu pasiwedi zenyewe bila mtu. Kwa ulaghai wa kutupia watu wengi ndoano kwa mkupuo, meseji ilizuia asilimia 96. Kwa mwizi anayekulenga wewe kwa jina, ilishuka hadi 76. Ile ya simu kukuuliza "ni wewe?" ilizuia 90 ya hao wanaolenga mtu. Ufunguo halisi wa kuchomeka kwenye kompyuta ulizuia wote.

#8 Kijana wa Ilazo
Shikamoo mwalimu. Nimesahihishwa.

#9 Mahindi Kibaigwa
Hiyo ya "ni wewe?" msiisifie sana. Mwaka jana usiku wa manane simu yangu iliniuliza mara saba au nane mfululizo. Nimechoka, nimetoka kupakia mahindi kutwa nzima, nikabonyeza Ndiyo ili inyamaze nilale. Asubuhi imeili si yangu.

#10 Mwalimu wa Bahi
Marahaba kijana. Mahindi Kibaigwa, pole. Wanajua mtu aliyechoka atabonyeza tu. Septemba 2022 waliingia ndani ya kampuni ya Uber kwa mtindo huohuo, walimsumbua mfanyakazi kwa maombi mpaka akakubali.

#11 Mzabibu wa Mpunguzi
Fundi, umeuliza apu za mikopo. Nilikuwa nayo moja, nilikopa elfu 50 ya kununulia makreti. Ilitaka kusoma meseji na majina yote kwenye simu, nikakubali kwa sababu ya shida. Nilishaifuta kabla ya mavuno ya Februari.

#12 Fundi Sabasaba
Hapo ndipo ninapopalenga. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Apu ikisharuhusiwa kusoma meseji, inasoma zote, za shangazi na za kodi.

Niwape nililoliona kwa macho. Dada mmoja aliniletea simu akasema "inajisoma yenyewe". Nikaiweka mezani, nikamwambia aombe kodi kwenye akaunti yake. Meseji ikaingia, na kabla mkono wangu haujafika kwenye skrini tayari imeshahesabika kuwa imesomwa. Hakuna aliyeigusa. Tukaingia kwenye ruhusa za simu, tukakuta apu imejipa jina "Huduma", picha yake ni gurudumu la mipangilio, huwezi kuidhania. Haikuwa na alama kwenye ukurasa wa mbele.

Kwa hiyo mkuu, kufuta kile ulichokiona hakutoshi. Fungua ruhusa za meseji, angalia ni nani wamo.

#13 Chinangali
Fundi unasema laini haikuhusika, sasa unaleta apu iliyofutwa miezi kadhaa iliyopita. Yangu ina dalili, yako haina.

#14 Fundi Sabasaba
Dalili yako ni TANESCO, ndugu yangu. Ingekuwa kukosa mtandao usiku ule ni wizi, mji mzima tusingekuwa na akaunti.

#15 Steshenari UDOM
Naomba niseme kitu ambacho sisi wa steshenari tunakijua na wateja hawakijui.

Mtu anakuja kuchapisha, anafungua imeili yake kwenye kompyuta yangu, anaweka pasiwedi, anaweka kodi, anachapisha, analipa, anaondoka. Hajajitoa. Kompyuta bado imo ndani ya akaunti yake. Anayekuja nyuma yake hahitaji pasiwedi wala kodi, kwa sababu hatua ya pili inaulizwa mlangoni tu, na mlango umeachwa wazi. Mimi jioni nazifunga moja baada ya nyingine, kuna siku nimekuta imeili 11 za watu. Wakati wa maombi ya mikopo ya wanafunzi na ajira ndiyo usiseme. Na WhatsApp ya kwenye kompyuta vilevile, mtu anaunganisha atume faili, anaiacha, meseji zake zinaendelea kumiminika mbele ya wageni.

Si kila mwenye steshenari anafunga.

#16 Mzabibu wa Mpunguzi
Daah. Jumatano nilichapisha lebo za zabibu kavu mahali fulani mjini. Nilifungua imeili pale. Kujitoa sikumbuki.

#17 Mama Vicoba Kisasa
Mimi yangu haina mwizi ila inaumiza. Imeili ya kikundi chetu ilifungwa kwa namba ya marehemu mume wangu. Mnakumbuka usajili wa laini kwa vidole, ile siku ya mwisho 20 Januari 2020, namba yangu ya NIDA ilikuwa haijatoka, tukasajili laini yangu kwa kidole chake. Alipofariki, simu ikaibiwa nikiwa kwenye daladala. Kwenda kurudisha laini naambiwa kidole cha mwenye laini. Nikatoa hati ya kifo, nikaambiwa taratibu zake nyingine, nizunguke. Wakati huo imeili inadai kodi iliyotumwa kwenye namba ambayo haipo. Hesabu za kikundi za miaka minne zimo humo.

Kwa hiyo mnaposema "kitu ulicho nacho", wengine tulichokuwa nacho kilikuwa kidole cha mtu mwingine.

#18 Mwalimu wa Bahi
Pole sana mama. Hapo hata mimi sina la kuongeza.

#19 Binti Chang'ombe
Mama pole jamani. Na bibi yangu wa Mvumi vidole vyake havisomi kabisa kwenye mashine, jembe limefuta alama zote. Laini yake iko kwa jina la mjomba.

#20 Dereva wa Manyoni
Kwa nini msihamie kwenye apu za kuzalisha kodi mkaachana na meseji? Tatizo lake tu inataka bando muda wote.

#21 Mwalimu wa Bahi
Haitaki bando hata kidogo. Ile picha ya miraba unayoichanganua siku ya kwanza inaiwekea simu yako siri moja, na siri hiyohiyo inabaki kule kwenye akaunti. Baada ya hapo kila upande unachukua siri, unachanganya na saa ya wakati huo, inatoka namba ya tarakimu 6. Kila sekunde 30 namba inabadilika. Kanuni hiyo imeandikwa wazi tangu 2011, na apu nyingi zinaifuata ileile. Mimi niko kijijini, mtandao napanda kichuguu kuutafuta, na kodi zinatoka nikiwa nyumbani.

Ila kwa sababu inategemea saa, saa ikiwa mbaya kodi zinakataliwa. Baba yangu mkubwa aliwekewa hii apu na mwanae, kila kodi ikawa inakataliwa. Wamehangaika wiki mbili. Alipokuja kwangu nikatazama simu: ni saa 4 asubuhi, na simu imeandika 4:00. Mzee alikuwa amezima saa ya mtandao akairudisha nyuma saa 6 kwa mkono, ili simu isome kwa Kiswahili. Tukairudisha kwenye saa ya mtandao, kodi ya kwanza tu ikapita. Akakubali, lakini akasema simu inayoita asubuhi "10:00" inamkosea adabu.

#22 Dereva wa Manyoni
Hahaha, mzee yuko sahihi kabisa. Asante mwalimu, hilo la bando nilidanganywa.

#23 Abiria wa Treni
Nyongeza kwa wanaohamia kwenye apu. Mimi nilihamia, nikapoteza simu kwenye safari ya kutoka Dar kuja Dodoma. Laini niliirudisha siku ya pili, lakini kodi zilikuwa zinazalishwa na ile simu, si laini. Nilifungiwa nje ya akaunti yangu mwenyewe karibu mwezi. Google wanakupa kodi 10 za akiba, kila moja tarakimu 8, unatumia mara moja. Nilikuwa nazo! Nilizipiga picha. Picha iko wapi? Kwenye simu iliyopotea.

Sasa hivi nimeziandika kwa kalamu, karatasi iko kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya kiwanja.

#24 Dada wa Makulu
Mzabibu, samahani kwa nitakachosema. Hapo kibandani uko na nani? Simu ikiwa imefungwa, meseji ya kodi bado inatokea juu ya skrini, mtu anaisoma bila kuifungua. Mdogo wangu wa tumbo moja alinifanyia hivyo. Simu inachaji sebuleni, mimi niko jikoni nasonga ugali, yeye kaomba kodi, kaisoma kwa juu, kafuta arifa. Dakika moja tu. Nenda kwenye mipangilio ya arifa ufiche maandishi skrini ikiwa imefungwa.

#25 Mzabibu wa Mpunguzi
Dada nimekuelewa, na maandishi nimeyaficha sasa hivi. Ila kijana wangu sitamtaja. Amekaa na mimi tangu yuko darasa la saba, na Ijumaa alikuwa kwao Hombolo. Nisije nikaharibu nyumba ya mtu kwa kubahatisha.

#26 Dada wa Makulu
Umenena kaka. Nimeirudisha kauli yangu.

#27 Kijana wa Ilazo
Mkuu, hukupata ujumbe wa Instagram wa hakimiliki au ule wa kukupa alama ya bluu ya akaunti iliyothibitishwa? Wanaleta ukurasa unafanana kila kitu, unaweka pasiwedi, unaweka na kodi. Wewe unajua hujampa mtu, kumbe umeiandika kwao, na wao wakati huohuo wanaipeleka Instagram halisi.

#28 Mzabibu wa Mpunguzi
Ulikuja wa alama ya bluu. Alhamisi mchana, wateja wamejaa. Nilifungua linki, nadhani niliweka pasiwedi. Kodi kama niliweka au sikuweka, kwa kweli siwezi kuapa.

#29 Fundi Sabasaba
Kodi ya Alhamisi isingefaa Ijumaa usiku, zinakufa baada ya dakika chache.

#30 Kijana wa Ilazo
Fundi, kodi inakufa lakini aliyekwisha kuingia anabaki ndani. Angeweza kuingia Alhamisi akakaa kimya mpaka watu walale Ijumaa.

#31 Chinangali
Na mimi bado nasimama na laini. Mzabibu, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

#32 Mahindi Kibaigwa
Huku mkipambana, zabibu kavu bado zipo? Mke wangu anauliza.

#33 Mzabibu wa Mpunguzi
Zipo mkuu, ila nunua kibandani, usinunue kwenye ukurasa ule!

Chinangali, nimepiga. Kuna namba moja siijui kabisa. Nakumbuka mwaka juzi wakala wa mwavuli alinirudisha mara tatu: "kidole hakijasoma, weka tena."

#34 Chinangali
Si nilisema.

#35 Fundi Sabasaba
Hiyo ni namba nyingine, siyo yako. Kodi zako haziendi huko. Ifute, maana ikitapeli watu utaitwa wewe, lakini haijaiba Instagram.

#36 Steshenari UDOM
Na ile namba ya utapeli inayotangazwa kwenye ukurasa wako, itume 15040, TCRA wanazipokea. Halafu polisi, ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kesi kama hii imo. Mama wa Kondoa naye akaripoti kwake.

#37 Binti Chang'ombe
WhatsApp yako je? Hiyo bado iko salama? Weka ile PIN ya tarakimu 6.

#38 Dereva wa Manyoni
Si ndiyo hiyohiyo inayokuja kwa meseji?

#39 Binti Chang'ombe
Hapana kaka. Ya meseji wanakutumia wao unapoisajili namba kwenye simu. PIN unaitunga mwenyewe, haitumwi popote. Ndiyo maana wakikupigia "samahani, kodi yangu imekuja kwako kwa makosa, nitumie", ukikosea ukatuma, bado watakwama kwenye PIN. Iweke na imeili ya kuirudishia ukisahau, la sivyo utasubiri siku 7.

#40 Mzabibu wa Mpunguzi
Nimeweka PIN sasa hivi. Shukrani dada.

#41 Mwalimu wa Bahi
Mzabibu, swali moja ambalo hakuna aliyeuliza. Instagram ukisahau pasiwedi inatuma linki kwenye imeili. Hiyo imeili yenyewe, ukiisahau pasiwedi yake, inarudishwa kupitia imeili gani au namba gani? Mtu anaweza kuacha mlango wa mbele kabisa akapitia huko.

#42 Mzabibu wa Mpunguzi
Mwalimu, nimetoka kuangalia sasa hivi, mikono inatetemeka. Akaunti ya imeili nilifunguliwa 2019 na kijana wa steshenari, wakati huo sikuwa na simu janja. Imeili ya urejeshaji ni yake. Namba ya urejeshaji ni yake pia, ile aliyokuwa anaitumia wakati huo, na nimeipiga, kapokea mtu mwingine kabisa wa Singida, anasema laini ameinunua mpya.

Sijui ni yupi kati ya hao wote. Nimebadilisha imeili na namba nikaweka zangu, nimetoa vifaa vyote vilivyokuwa ndani, vilikuwa vinne na mimi nina simu moja. Apu ya kodi nimeweka, saa ya simu iko ya mtandao. Kodi za akiba nimeandika kwenye daftari la shamba.

Mama wa Kondoa nimempigia. Laki moja nimemtumia leo, nyingine tukivuna Agosti. Amekubali, lakini ameniambia kuanzia sasa mpaka asikie sauti yangu ndipo atume hela. Kesho saa 3 naenda kwa wakala kufuta ile namba, nitaleta mrejesho.